Seyyid Barghash na Pesa ya Bibi

Muhula huu naomba nafasi kidogo nieleze habari za maisha ya Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu, maana kosa hilo ndilo lililonifikisha kwake.

Katika likizo iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu Sofu. Bibi yangu ana pesa moja ya shaba, nyeusi kama chungu cha jikoni, aliyoirithi kwa wazee wake wa Kizaramo. Wazee hao walikuwa wakichimba sandarusi na kuipeleka pwani kuiuza. Nilimwomba anipe pesa hiyo niwaonyeshe wenzangu wa chama cha Historia. Akanipa, kwa sharti kwamba irudi kama ilivyokwenda. Usiku wa kuamkia siku ya maonyesho niliona haya kuonyesha kitu cheusi namna ile. Basi nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama senti mpya, nikalala kwa furaha.

Kesho yake mwalimu wetu wa Historia aliishika, akaigeuza, akanyamaza. Kisha akanieleza kwamba shaba ikikaa miaka mingi hewani na mikononi mwa watu hujifanyia utando wa kahawia au mweusi. Utando huo huilinda sarafu, tena ni shahidi wa umri wake. Alisema kwamba hata wale wanaokusanya dola za kale za dhahabu za Marekani huikimbia sarafu iliyosuguliwa, na thamani yake huanguka. Nilistaajabu, kwa kuwa nilidhani dhahabu haibadiliki. Akanifahamisha kwamba dhahabu tupu haishiki kutu, lakini dola hizo zilitiwa sehemu 9 za dhahabu na sehemu 1 ya shaba na madini mengine ili ziwe ngumu. Shaba hiyo ndiyo inayoleta wekundu kidogo kama wa chungwa baada ya miaka mingi. Rangi hiyo ikiondolewa, hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Dola hizo si ngeni kwetu. Mwaka wa 1833 Seyyid Said bin Sultan, baba yake Barghash, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za mji wa Salem zilileta nguo, ambazo hata leo twaziita merikani, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 mpaka 1865 vilipopunguza pamba Marekani, iliwabidi wafanyabiashara wao kuleta fedha zaidi. Watu wa Unguja waliiita sarafu ya dola 20 reale ya dhahabu. Uzito wake ulikuwa zaidi ya gramu 33.

Seyyid Barghash alizaliwa Unguja yapata mwaka wa 1837, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Baba yake alipofariki baharini mwaka wa 1856, ufalme wa Unguja ulimwangukia ndugu yake, Seyyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka wa 1859 alifanya uasi, akajifungia na watu wake katika shamba la Marseilles. Dada yake Salme, msichana wa miaka kama 15 tu, ndiye aliyekuwa akimwandikia barua za siri. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukashindwa, naye Barghash akapelekwa Bombay, ambako alikaa miaka miwili. Huko aliona mji mkubwa wenye mambo mengi mapya. Nadhani mambo hayo hayakumtoka moyoni.

Majid alifariki mwezi wa Oktoba, 1870, na Barghash akashika ufalme. Hakuanza kwa raha. Mwezi wa Aprili, 1872, kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mingi sana na kuvunja merikebu zake. Mwaka uliofuata, Waingereza walimtaka akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na wakamtishia kwamba akikataa watakizunguka kisiwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni, 1873, alitia sahihi, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Mahali pale lilijengwa kanisa kubwa lililosimama mpaka leo.

Mwaka wa 1875 alisafiri mpaka Uingereza, akaonana na Malkia Victoria. Aliporudi aliendelea kuutengeneza mji wake. Alileta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, akanunua meli za moshi, akaanzisha mtambo wa kupiga chapa vitabu. Mwaka wa 1883 ilijengwa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Nyumba hiyo iliudumu mji miaka mingi, lakini sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba, 2020.

Sasa nifike kwenye sarafu. Wakati ule katika Unguja zilitumika fedha za kila taifa: reale za Maria Theresa za Austria, rupia za Kihindi na dola za Kimarekani. Mwaka wa 1882, ambao ni 1299 wa Kiislamu, Barghash alitoa sarafu zenye jina lake mwenyewe. Zilikuwapo za dhahabu za reale 5 na reale 2 na nusu, za fedha, na pesa za shaba zenye picha ya mizani. Sarafu za dhahabu zilikuwa chache, na leo ni adimu sana. Rupia haikushindwa. Lakini pesa ile ya shaba ilifika mpaka kwa watu wadogo, na moja ndiyo hiyo ya bibi yangu.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka wa 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba kwa ajili ya Wajerumani. Barghash alipinga, lakini mwezi wa Agosti, 1885, manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya jumba lake, naye akakubali. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao, wakamwachia visiwa vyake, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na miji michache ya kaskazini. Sofu yetu iko ndani zaidi ya maili hizo. Alifariki mwezi wa Machi, 1888.

Watu wengine humtaja Barghash kwa mabomba na jumba lake tu. Lakini mji ule ulijengwa kwa jasho la watumwa, na soko lilifungwa kwa sababu alilazimishwa. Utumwa wenyewe haukufutwa katika Unguja mpaka mwaka 1897. Mtu akiyaondoa hayo ili jina la Sultani ling'ae, afanya kama nilivyofanya mimi kwa majivu na ndimu.

Nilipomrudishia bibi pesa yake, nilimwamkia, nikapiga magoti na kumwomba radhi. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba weusi ule ulikuwa mikono ya mama yake na ya bibi yake, nami nimeiosha. Hakunipiga wala hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliifunga katika kitambaa chake cha zamani, akaniagiza kwamba, kwa kuwa nimeyafuta yaliyokuwa juu ya pesa ile, basi niyaandike kwenye karatasi.

Ndugu wanafunzi, kama nyumbani kwenu kuna sarafu, barua au chombo cha zamani, msikisugue. Waulizeni wazee habari zake kwanza, wangali hai.