Elijah Masinde: Msee wa Boli Aliyeirudisha Chetambe Kwa Ramani
Kwa muvi, ngome ya kitambo lazima iwe na mawe na minara. Chetambe, huko Webuye, ilikuwa ukuta wa udongo na mtaro. Hapo ndipo Waingereza waliua Wabukusu kibao 1895.

Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuchezea Kenya boli, aliongoza maelfu ya watu wa Dini ya Musambwa hadi hapo 1947 kuwakumbuka. Februari 1948 makarao wakamiminia waumini risasi Malakisi, 11 wakadedi. Yeye wakamtupa Lamu, mji wa mawe unaopendwa na kamera. Hata baada ya Uhuru alirudishwa ndani. Alifariki 1987.

Ukishuti muvi yake, anza na ule udongo. Kasri za Ulaya tumeona za kutosha.