William Froude: Alipima meli kubwa kwa vimeli vya nta

Leo, kabla meli mpya haijajengwa, mhandisi anajua itahitaji injini yenye nguvu kiasi gani. Zamani ilikuwa kamari. Unajenga, unaishusha majini, ndipo unajua. Ikiwa nzito kwenye mwendo, hela imeshakwenda.

Aliyebadili mambo ni William Froude, Mwingereza aliyezaliwa 1810 huko Dartington, Devon. Alisoma hesabu Oxford, kisha akajenga reli chini ya Isambard Kingdom Brunel. Brunel huyohuyo ndiye aliyemwingiza kwenye meli, alipomtaka achunguze jinsi jitu lake, Great Eastern, lingeyumba baharini.

Walimwona anacheza

Wataalamu wakubwa hawakuamini vimeli vya majaribio. Na walikuwa na sababu: waliojaribu kabla yake walipata majibu yasiyolingana na meli halisi.

Froude aligundua siri iko kwenye kasi. Mwaka 1867 alivuta vimeli vya maumbo mawili, Swan na Raven, kwenye Mto Dart, kila umbo kwa saizi tatu: futi 3, 6 na 12.

Kanuni yake ni hii: kimeli kikiwa 1/16 ya urefu wa meli, kivute kwa 1/4 ya kasi yake. Meli ya noti 12, kimeli noti 3. Hapo mawimbi yanafanana. Msuguano wa maji kwenye ubavu wa meli hauifuati kanuni hiyo, kwa hiyo aliupima peke yake kwa kuvuta mbao bapa majini.

Meli halisi yatoa jibu

Mwaka 1870 serikali ilimpa pauni 2,000. Akajenga tangi la maji la mita 85 hivi karibu na nyumbani kwake Torquay, akafanya kazi bila mshahara. Vimeli alivichonga kwa nta, maana ni rahisi kurekebisha umbo.

Mwaka 1871 Jeshi la Majini likamkabidhi meli halisi, HMS Greyhound. Ilivutwa na HMS Active kwa kamba iliyofungwa kwenye boriti ndefu ya ubavuni, ili isipite kwenye maji yaliyovurugwa. Kimeli chake kilipopimwa tangini, majibu yalikaribiana.

Likaibuka jingine: zaidi ya nusu ya nguvu ya injini ya Greyhound ilikuwa inapotelea kwenye mitambo na rafadha, haifiki kusukuma meli.

Mwisho wake

Mkewe alifariki 1878. Froude akaondoka na meli ya jeshi, na mwaka 1879 akafia Simon's Town, Afrika Kusini. Alizikwa kwa heshima za kijeshi. Mwanawe, Robert Edmund, akaendeleza kazi.

Siku hizi kompyuta hukokotoa mwendo wa meli na rafadha yake, lakini majibu yake bado hupelekwa tangini kuhakikiwa. Na namba inayolinganisha kasi na urefu wa meli inaitwa namba ya Froude.