Eligio, Muuza-Magazeti wa Havana

Cuba ni kisiwa kikubwa karibu na Marekani, na mji wake mkuu ni Havana. Watu weusi wengi wanakaa huko. Mababu zao walichukuliwa kwa nguvu toka Afrika, wengine toka pande za mto Kongo, wakauzwa kule ili walime miwa. Utumwa ulikomeshwa Cuba mwaka 1886. Miaka 24 baadaye, tarehe 6 Januari 1910, mtoto mweusi alizaliwa Havana katika mtaa wa Cerro. Jina lake lilikuwa Eligio Sardiñas Montalvo.

Baba yake alikufa Eligio angali mdogo. Mama yake akafua nguo za watu apate kulisha watoto. Basi Eligio naye akaanza kuuzisha magazeti njiani. Kazi hiyo si mchezo. Asiyejua kukimbia na kupaza sauti anarudi nyumbani jioni na magazeti yake mkononi, bila feza. Eligio alikuwa mwembamba, lakini miguu yake ilikuwa myepesi, na mikono yake myepesi zaidi.

Gazeti moja la Havana, La Noche, lilitengeneza mashindano ya ngumi ya watoto wauza-magazeti. Eligio akaingia, akashinda. Bwana mmoja, Luis Gutiérrez, ambaye watu walimwita Pincho, akaona kwamba mtoto huyu hapigani kama wenzake. Akamchukua na kuwa msimamizi wake. Inasimuliwa kwamba alimwonyesha sinema za mabingwa wa zamani, naye Eligio alizitazama na kuyaiga aliyoyaona.

Watu wengi hufikiri kwamba kupigana ngumi ni kupiga tu. Sivyo. Kupiga, hata mlevi anajua. Kazi ngumu ni kukwepa. Eligio alijifunza kuinamisha kichwa kidogo tu, ngumi ya adui ikapita hewani. Na kabla adui hajarudisha mkono, Eligio alikwisha kumpiga mara mbili au tatu kwa mkono wa kushoto, akaondoka. Waliomtazama walisema alikuwa kama mtu anayecheza ngoma.

Kwanza alipigana bila mshahara, kama wanavyofanya vijana wanaojifunza. Baadaye, Marekani, ilitangazwa kwamba wakati ule alishinda mara 100 bila kushindwa hata mara moja. Waliochunguza waliona kwamba hesabu hiyo ilitiwa chumvi. Haidhuru, ushindi wake wa kweli ulitosha. Akaanza kupigana kwa mshahara, na mwaka 1928 Pincho akampeleka New York. Alikuwa na miaka 18. Jina lake la ngumi lilikuwa Kid Chocolate. Kid ni mtoto kwa Kiingereza, na chokoleti ni utamu ule mweusi unaotengenezwa kwa kakao.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1929, alipigana na Al Singer, kijana wa New York mwenyewe. Makumi ya maelfu ya watu walikuja kutazama, na wengi walimtaka Singer. Chocolate akashinda. Mtoto wa mfua-nguo akaanza kupata feza nyingi kuliko mabwana wengi wa Havana.

Mwaka 1930 ukamletea machozi. Tarehe 7 Agosti alipambana na Mwingereza Jack Kid Berg, aliyemzidi uzito kwa kilo kadhaa. Berg alipiga bila kupumzika, kama mtu anayetwanga mahindi. Baada ya vipindi 10 waamuzi hawakupatana, lakini wengi wao walimpa Berg. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Chocolate kushindwa tangu alipoanza kupigana kwa mshahara. Mwezi wa Desemba akajaribu kumnyang'anya Battling Battalino ubingwa wa dunia. Katika kipindi cha kwanza kabisa alimwangusha chini. Watu wakadhani kazi imekwisha. Lakini Battalino aliinuka, akavumilia vipindi vyote 15, na mwishoni ubingwa ukabaki kwake.

Chocolate hakukata tamaa. Tarehe 15 Julai 1931, katika mji wa Philadelphia, alisimama mbele ya Benny Bass, bingwa wa dunia wa watu wasiozidi kilo 59. Bass alikuwa mfupi mwenye nguvu nyingi, tena alikuwa katika mji wake. Chocolate alimpiga usoni tena na tena, mpaka katika kipindi cha 7 mwamuzi akausimamisha mchezo, maana Bass aliumizwa sana. Hivyo mwuza-magazeti wa Cerro, mwenye miaka 21, alikuwa Mcuba wa kwanza kuwa bingwa wa dunia.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo akataka ubingwa wa pili, ule wa Tony Canzoneri, mtu mzito kuliko yeye. Walipigana vipindi 15 katika jumba kubwa la New York liitwalo Madison Square Garden. Waamuzi wakagawanyika tena, naye Canzoneri akashinda kwa shida. Watu wengi waliokuwamo hawakukubali hukumu ile.

Sasa inafaa kusema jambo lisilopendeza. Chocolate alipenda suti nzuri, motokari, na muziki wa usiku. Mchana alipaswa kukimbia na kujizoeza, lakini mara nyingi aliamini kwamba wepesi aliozaliwa nao unatosha. Marafiki walikuwa wengi siku za mshahara. Kwa muda hakuna aliyeona kasoro: mwaka 1932 alishinda tena, akapewa na wakubwa wa mchezo wa New York ubingwa wa watu wasiozidi kilo 57. Lakini mwili ulikuwa unaandika deni lake. Ugonjwa ukamshika, na miguu ikapungua wepesi. Tarehe 24 Novemba 1933 alikutana na Canzoneri mara ya pili, na katika kipindi cha 2 akaangushwa, asiweze kuinuka kwa wakati. Halijampata jambo hilo kamwe. Mwezi mmoja baadaye Frankie Klick akamnyang'anya ubingwa alioutwaa kwa Bass. Alikuwa hajatimiza miaka 24.

Aliendelea kupigana mpaka mwaka 1938, akashinda mara nyingi, lakini nafasi ya ubingwa haikurudi. Kisha akakaa kwao Havana na kuwafundisha vijana. Feza zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1962 serikali mpya ya Cuba ilikataza kupigana ngumi kwa mshahara, na kwa miaka mingi watu wachache tu walimkumbuka mzee yule mwembamba. Alipozeeka sana ndipo alipoheshimiwa tena.

Alikufa Havana tarehe 8 Agosti 1988. Katikati ya mji, mbele ya jumba kubwa la Capitolio, limejengwa jumba la michezo linaloitwa kwa jina lake, Kid Chocolate.