Woody Guthrie na Ugonjwa Uliobadilika Mwaka Hadi Mwaka

Woody Guthrie alizaliwa mwaka 1912 huko Okemah, jimbo la Oklahoma, Marekani. Akiwa bado mtoto, mama yake Nora alianza kubadilika: kwanza hasira za ghafla, kisha mwili kutikisika wenyewe. Watu walimwita mwendawazimu. Alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Miaka ya 1930 ukame na vumbi viliwatoa maelfu ya wakulima makwao. Woody naye alihamia California, akawaimbia wahamaji hao kambini kwa gitaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 tabia yake iligeuka. Wengi walidhani ni pombe. Mwaka 1952 madaktari walitambua ugonjwa wa Huntington, unaorithiwa kwa mzazi na kuharibu ubongo polepole. Baadaye viungo havikutulia, akashindwa kutembea, na hatimaye kusema.

Marjorie, ingawa ndoa yao ilikuwa imevunjika, hakumwacha. Alimtengenezea kadi za ndiyo na hapana ili aonyeshe kwa mkono. Mkono uliposhindwa, alijibu kwa kupepesa macho.

Woody alifariki tarehe 3 Oktoba 1967, akiwa na miaka 55. Mwaka huohuo Marjorie alianzisha chama cha familia zenye ugonjwa huo. Jeni inayouleta iligunduliwa mwaka 1993, lakini dawa ya kuuponya bado haijapatikana.

Basi, jirani akiyumba au kubadilika tabia, tusiharakishe kusema amelewa au amerogwa. Tumsindikize kituo cha afya. Na dalili zikibadilika, nasi tubadilishe namna ya kumtunza.