MAISHA YA BABA SIMON KIMBANGU: JE, ALIYEOKOKA AWEZA KUPOTEA?



Hapa katika makutaniko ya Kalemie, ulizo moja hurudi kila mara katika mafundisho: mtu aliyekwisha kuokoka, akabatizwa, akapokea Roho, aweza kuupoteza wokovu wake? Wenye kusema hapana wanafungua Yohana sura ya 10, pale kondoo wanaposhikwa mkononi mwa Mchungaji na hakuna wa kuwanyang'anya. Wenye kusema ndiyo wanafungua Waebrania sura ya 6, juu ya wale walioonja kisha wakaanguka. Kila upande una andiko lake, na usiku unaingia bila mmoja kumshinda mwenzake.

Si mabishano ya bure. Katika vita ya mwaka 1998 mpaka 2003, na tena katika ugomvi wa Watwa na Waluba, wako waaminifu walioacha maombi wakaenda kuchanjwa dawa ya risasi. Vita vikapoa, wakarudi. Wanakaa benchi ya nyuma, na sisi tuliobaki tunawatazama tusijue kama tuwaite ndugu au wageni. Ndiyo maana gazeti letu, badala ya kuongeza andiko la tatu juu ya yale mawili, linasimulia maisha ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Simon Kimbangu wa Nkamba. Si wote wanaosoma gazeti hili ni wa kanisa lake, na yale ambayo kanisa lake linafundisha juu ya utu wake hatuyagusi hapa. Lakini hakuna kanisa la kinabii katika Kongo lisilo na deni kwake. Nasi tunayo sababu nyingine ya kumkumbuka. Kazi yake ya kuhubiri wazi, kule magharibi, haikupita miezi 6. Miaka 30 iliyobaki aliikaa katika buloko ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, katika Katanga ileile ambayo Kalemie yetu ilikuwa ndani yake mpaka majimbo yalipogawanywa mwaka 2015. Wengi wetu wamekwenda Lubumbashi kwa biashara au masomo, wakarudi bila kujua ni nani alifia kule.

Alizaliwa Nkamba, katika jimbo linaloitwa leo Kongo-Central, mwaka 1887 kadiri ya kanisa lake, ingawa vitabu vingine vinaandika 1889. Baba yake aliitwa Kuyela, mama yake Luezi. Mama mwingine wa jamaa yao, Kinzembo, ndiye aliyemlea. Wamisionari wa Kibatisti kutoka Uingereza walikuwa na misioni yao Ngombe-Lutete, si mbali na Nkamba, na huko alijifunza Neno. Tarehe 4 Julai 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Marie Mwilu. Wana wao ni watatu: Kisolokele aliyezaliwa mwaka 1914, Dialungana mwaka 1916, na Diangienda mwaka 1918. Msomaji aishike tarehe ya ubatizo huo, kwa sababu inatuhusu sana.

Mwaka 1918 ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilifika Kongo, ikaua watu maelfu. Katika siku hizo za misiba, Simon alisikia usiku sauti ikimwita alichunge kundi la Bwana. Akakataa. Alijitetea kwamba hakusoma vya kutosha na kwamba wako wachungaji na wamisionari wanaoiweza kazi hiyo. Sauti ikarudi usiku mwingine, na mwingine tena. Mwishowe akafanya kama Yona: akafunga mzigo wake akaenda Kinshasa, ambako watu ni wengi na hakuna anayemjua, akatafuta kazi ya mikono katika kampuni ya mafuta ya mawese. Wanasimulia kwamba hata mshahara wake hakuupata.

Tusimame hapa kidogo, maana wasimulizi wengi wanaruka mahali hapa ili wafike upesi kwenye miujiza. Mtu aliyebatizwa mwaka 1915 anasikia mwito wa Mungu mwaka 1918, anauelewa, na anaukimbia. Si mpagani asiyejua, wala si mtoto. Swali la wokovu wake lilikuwa wapi katika miaka ile? Ndugu zetu wa Waebrania sura ya 6 wangemwandika katika orodha ya walioanguka. Ndugu zetu wa Yohana sura ya 10 wangemwambia alale salama Kinshasa, kwa kuwa jina lake limeandikwa. Nadhani wote wawili wangemkosea. Hakuachwa, kwa maana sauti ilimfuata mpaka mjini. Lakini hakulala salama pia, na mkono uliomshika aliusikia kama mateso. Ilimpasa arudi kwa miguu yake mwenyewe.

Akarudi. Tarehe 6 Aprili 1921 alipita katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, na humo mlikuwa na mwanamke mgonjwa sana aitwaye Kiantondo. Alisukumwa na nguvu isiyokuwa yake akaingia, akaweka mikono, akaomba kwa jina la Yesu, na mama yule akapona. Watu wa kwanza kusikia hawakufurahi. Wako waliodhani ni uchawi. Lakini baada ya majuma machache njia zote za kwenda Nkamba zilijaa. Wagonjwa walitoka katika hospitali za misioni wakabebwa kwenda kwake. Wafanyakazi waliacha mashamba ya wazungu. Misioni za Kiprotestanti ziliishiwa na Biblia na vitabu vya nyimbo. Watu walitupa hirizi na sanamu za uganga kando ya njia, wakaacha ngoma za matusi, na wanaume wenye wake wengi wakafundishwa kukaa na mmoja. Manabii wengine pia walitokea pande zote, wengine wa kweli, wengine wa kujitafutia tu, na jambo hilo lilimletea Baba Simon taabu nyingi.

Tarehe 11 Mei, msimamizi wa serikali ya Wabelgiji, Léon Morel, alifika Nkamba kuangalia. Baba Simon alisoma mbele yake habari ya Daudi na Goliati, na nadhani Morel hakuhitaji mfasiri wa kumweleza maana. Tarehe 6 Juni alirudi na askari kumkamata. Risasi zikalia, watu wakatawanyika, na Simon akatoweka kati yao.

Hii ni mara ya pili anakimbia, lakini hazifanani. Mwaka 1918 alikimbia ili asiifanye kazi. Mwaka 1921 alijificha miezi 3 kijiji hata kijiji akiifanya kazi ileile. Kisha tarehe 12 Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa mikononi mwa askari, akiwakataza watu wake wasilipe ubaya kwa ubaya. Angeweza kuvuka mpaka, kwa kuwa Kongo ya Wafaransa na Angola hazikuwa mbali.

Kesi yake ilikuwa mbele ya mahakama ya askari huko Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu, mbele ya Komanda de Rossi. Hakupewa mwanasheria wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kupigwa fimbo 120, kisha kuuawa. Wenzake walipata vifungo virefu, na dada Mandombe, kwa kuwa alikuwa kijana, alipewa miaka 2. Wamisionari Wabatisti waliomba ahurumiwe. Mwezi wa Novemba Mfalme Albert wa Kwanza aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Baba Simon akapelekwa Katanga. Mwanasheria mmoja Mbelgiji, Jules Chomé, aliandika kitabu mwaka 1959 akionyesha jinsi kesi ile ilivyopotoka. Wakati huo mwenye kesi alikuwa amekwisha kufa miaka 8.

Sasa tunafika mahali ulizo letu linapokuwa gumu. Baba Simon alidumu, na ni rahisi kufundisha juu ya mtu aliyedumu. Lakini wale waliobatizwa machozi kule Nkamba, je?

Serikali ilikataza jina lake lisitajwe. Waaminifu walikamatwa wakapelekwa mbali na kwao, kwenye kambi kama Oshwe, Ekafera na Lowa. Kanisa lake linahesabu jamaa 37,000 zilizohamishwa, ingawa wanahistoria wengine wanataja hesabu ndogo zaidi. Wako walioshika maombi humo uhamishoni, na hivyo Wabelgiji walijikuta wameyapanda mafundisho ya Nkamba katika majimbo ambayo yasingefika. Lakini wako pia waliochoka. Wengine walirudi katika misioni wakanyamaza, wakaandikwa tena katika vitabu vya Wakatoliki au Waprotestanti, wakawabatiza watoto wao huko ili wapate shule. Wengine, na hili husemwa kwa nadra, walirudia dawa zile walizokuwa wamezitupa mwaka 1921. Miaka 5 hivyo, miaka 10, miaka 30. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenda Nkamba alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na siku zote hizo hakuwahi kutamka mbele ya watu jambo aliloliona.

Aliyewashika waliobaki alikuwa Mama Mwilu. Mume hayupo, wazee wako buloko, wapelelezi wako mlangoni, naye aliendelea kuongoza maombi ya siri na kuwapokea waliokuja usiku. Kama ningepewa nafasi ya kuandika maisha mengine katika gazeti hili, ningeandika yake.

Basi walipoanza kutoka gizani, katika miaka ya 1950, walitoka kwa wingi ambao serikali haikutegemea. Mwaka 1957 wapatao 600 walitia sahihi barua kwa Gavana Mkuu Pétillon, wakitaja majina yao, wakitaka ama waachwe waabudu ama wakamatwe wote pamoja. Watoto wao walifukuzwa katika shule za misioni, ikabidi wafungue zao. Wengi waliojitokeza walikuwa ni wale walionyamaza muda mrefu. Kama sheria ingekuwa kwamba aliyeteleza mara moja amekwisha, kanisa hilo lisingepata hata watu wa kujaza nyumba moja. Na kama sheria ingekuwa kwamba aliyebatizwa hana la kuogopa, wasingesumbuka kutia sahihi. Wangebaki misioni, watoto wao wangebaki shuleni.

Kwa maoni ya mwandishi, wokovu haupotei kama franka inayoanguka mfukoni mwenyewe asijue. Mtu anauacha, kwa miguu yake, hatua kwa hatua, na njia yote anaitwa. Yuda aliitwa rafiki bustanini katika saa ileile ya kumsaliti Bwana. Petro alisikia jogoo. Mmoja aligeuka akarudi, mwingine hakurudi. Sijaona katika Maandiko kwamba Bwana alinyamaza kwa mmoja wao. Nimeona tu kwamba kila hatua inafanya njia ya kurudi kuwa ndefu, na kwamba Yuda hakungoja asubuhi ya tatu. Ndugu zetu wa benchi ya nyuma wamekwisha kurudi. Waliobaki njiani ndio wa kwenda kutafutwa.

Turudi Elisabethville. Miaka 30 Baba Simon alikaa buloko, akiwa mbali na mke na wanawe. Alikufa katika hospitali ya mji huo tarehe 12 Oktoba 1951. Kisha ikaja habari iliyowatia wengi mashaka: upande wa Wakatoliki walisema kwamba kabla ya kukata roho alibatizwa akawa Mkatoliki. Kanisa lake lilikana habari hiyo, na linaikana mpaka leo. Sisi hatukuwa kando ya kitanda. Lakini naomba msomaji aangalie jinsi watu walivyoogopa. Walifikiri kwamba maji kidogo juu ya kichwa cha mgonjwa aliye karibu na kufa yangeweza kufuta miaka 30; kwamba wokovu wa mtu huyu ungeweza kuibiwa akiwa amelala. Aliyelikimbia neno la Mungu mwaka 1918 akiwa na nguvu zake zote hakutupwa. Je, angetupwa kwa jambo ambalo pengine hata hakulijua, akiwa amedhoofika kitandani? Na tukigeuza upande, kama maji yale hayakuweza kumpokonya kitu, basi maji ya mwaka 1915 peke yake nayo yasingetosha kumleta hapo alipofika. Katikati kuna miaka ile yote, ambayo aliitembea siku moja moja.

Mama Mwilu alikufa tarehe 27 Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka huohuo serikali ya Wabelgiji ilitambua kanisa hilo kwa maandishi. Hakuiona barua hiyo. Ilimpita kwa miezi 8. Mwezi wa Aprili 1960, kabla ya uhuru, mwili wa Baba Simon ulitolewa Elisabethville ukarudishwa Nkamba, akapokelewa na umati mkubwa, na ndani ya umati huo walikuwamo watu ambao kwa miaka 39 hawakuwa wamelitamka jina lake. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa zima, na hapa Kalemie pia ofisi za serikali hufungwa kwa ajili ya siku ile alipoingia katika nyumba ya Kiantondo.