Moissan: Mwanagenzi wa duka la dawa aliyetoka shuleni bila cheti na kuishia kutuzwa Nobel

KILA mara matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, huwapo vijana ambao ndoto yao ya kusomea famasia huzimika siku iyo hiyo kwa kukosa alama zinazohitajika.

Kwa kijana wa aina hiyo, na hata kwa mwenzake aliyebahatika kuingia chuoni lakini akadhani kwamba mwisho wa famasia ni kusimama nyuma ya kaunta, maisha ya Mfaransa Henri Moissan yana funzo kubwa.

Moissan alizaliwa jijini Paris mnamo Septemba 28, 1852. Baba yake alikuwa mtumishi wa kampuni ya reli naye mama yake alikuwa mshonaji wa nguo. Haikuwa familia ya watu wenye mali.

Mnamo 1864 familia hiyo ilihamia Meaux, mji ulio mashariki mwa Paris, na huko ndiko alikosomea. Kijana aliipenda kemia kwa dhati, lakini mwaka wa 1870 aliondoka shuleni bila kupata baccalauréat, cheti ambacho pasipo nacho milango ya vyuo vikuu vya Ufaransa ilikuwa imefungwa.

Kwa muda alijifunza ufundi wa saa. Kisha, mnamo 1871, aliingia katika duka moja la dawa jijini Paris akiwa mwanagenzi. Enzi hizo dawa nyingi zilitengenezwa papo hapo dukani, hivyo kazi yake ilikuwa kutwanga, kupima, kuchanganya na kufungasha.

Inasimuliwa kwamba ni akiwa katika duka hilo ndipo alipomwokoa mtu aliyekuwa amekula sumu ya aseniki. Mwanagenzi huyo aliijua sumu hiyo na akajua pia cha kuizuia.

Hata hivyo, Moissan hakutosheka na yale aliyojifunza dukani. Alijiunga na maabara ya mwanakemia Edmond Frémy katika Makumbusho ya Historia ya Viumbe jijini Paris, na baadaye akahamia kwa Pierre-Paul Dehérain, mtafiti wa mimea. Dehérain ndiye aliyemhimiza arejelee masomo yaliyomshinda awali.

Alifuata ushauri huo. Mnamo 1874, miaka minne baada ya kuondoka shuleni, alipata ile baccalauréat iliyomkosesha nafasi. Mwaka uo huo, yeye na Dehérain walichapisha utafiti kuhusu jinsi mimea inavyopumua.

Alipata shahada ya kwanza ya sayansi mwaka wa 1877. Mnamo 1879 akahitimu kuwa mfamasia wa daraja la kwanza katika Chuo Kikuu cha Famasia cha Paris, daraja lililomruhusu mtu kufungua duka la dawa popote nchini Ufaransa. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamifu.

Kufikia hapo, wengi wangalifungua duka na kustarehe. Badala yake, Moissan alibaki chuoni akiwafundisha wanafunzi kazi za maabara. Mnamo 1882 alimwoa Léonie Lugan, binti ya mfamasia wa Meaux. Baba mkwe huyo alimsaidia kwa fedha ili aendelee na utafiti bila ya kuhangaikia riziki.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa hatari. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, wanakemia walijua kwamba ndani ya asidi ya hidrofloriki mna elementi ambayo hakuna aliyewahi kuitenga. Elementi hiyo, florini, huingiliana kwa ukali na karibu kila kitu inachokigusa, kikiwamo chombo kinachoihifadhi.

Mwingereza Humphry Davy aliugua kwa ajili yake. Ndugu wawili wa ukoo wa Knox huko Ireland walidhurika vibaya. Paulin Louyet wa Ubelgiji na Mfaransa Jérôme Nicklès walipoteza maisha. Frémy mwenyewe, mwalimu wa Moissan, alijaribu akashindwa.

Moissan aliunda kifaa cha platini, madini yasiyoliwa upesi na kemikali. Ndani yake alitia asidi kavu iliyochanganywa na chumvi ya potasiamu, kwa kuwa asidi safi peke yake haipitishi umeme. Alikipoza kifaa hicho hadi nyuzi 50 chini ya sufuri, kisha akapitisha umeme.

Mnamo Juni 26, 1886, gesi ilijitokeza katika upande mmoja wa kifaa. Alipoikaribisha kwenye silikoni, silikoni hiyo ilishika moto mara moja. Florini ilikuwa imepatikana.

Akademia ya Sayansi iliteua tume ya watu watatu kuja kushuhudia, akiwamo Frémy. Walipofika, kifaa kilikataa kufanya kazi. Moissan alikuwa ameisafisha asidi kupita kiasi kwa heshima ya wageni, hata pasibaki ile chumvi ya kupitisha umeme. Alipoirudisha, jaribio lilifaulu.

Baada ya hapo aliteuliwa kuwa profesa wa elimu ya sumu katika chuo kilichomfundisha famasia. Mnamo 1892 alitengeneza tanuri la umeme lililofikisha joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Humo alitengeneza, miongoni mwa vitu vingine, kalsiamu kabidi, malighafi ya gesi ambayo mafundi wa jua kali hutumia hadi leo kuchomelea vyuma.

Si kila alichokidai kilisimama. Mnamo 1893 alitangaza kwamba alikuwa ametengeneza almasi ndogo ndogo kwa tanuri hilo, lakini watafiti waliokuja baadaye waliutilia shaka ushahidi wake.

Mwaka wa 1906 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuitenga florini na kwa tanuri lake. Alikuwa Mfaransa wa kwanza kuipata tuzo hiyo, akimpiku Mrusi Dmitri Mendeleev, aliyebuni jedwali la elementi.

Furaha hiyo haikudumu. Muda mfupi baada ya kurejea kutoka Stockholm alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, na akafariki mnamo Februari 20, 1907, akiwa na umri wa miaka 54. Mendeleev alikuwa amefariki siku 18 tu kabla yake.

Mwanawe wa pekee, Louis, aliuawa vitani mnamo Agosti 1914. Louis alikuwa ameacha wasia wa fedha kwa chuo cha famasia ili zitolewe tuzo mbili, moja ya kemia kwa jina la baba yake na nyingine ya famasia kwa jina la ukoo wa mama yake.

Hapa nchini, florini si jambo geni. Ndiyo inayoyatia meno rangi ya kahawia kwa watu wengi wanaokunywa maji ya visima Nakuru na Naivasha. Mawe yenye elementi hiyo yalichimbwa kwa miaka mingi huko Kimwarer, Bonde la Kerio.

Muhimu zaidi, florini imo ndani ya dawa zinazotolewa kila siku hospitalini mwetu: fluconazole ya kutibu ukungu, ciprofloxacin ya kuua bakteria na dolutegravir ya kudhibiti virusi vya HIV.

Mwanafunzi wa famasia nchini hukaa chuoni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi, kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ni safari ndefu, na wapo wanaoikatia tamaa njiani. Wakumbuke kwamba dawa watakazomkabidhi mgonjwa zina ndani yake kazi ya kijana aliyeanza kwa kutwanga dawa za watu wengine, bila cheti mkononi.