Mume Aliyeuza Duka Lake
Huenda wadhani mke kuchuma pesa ni mambo ya siku hizi tu. Mtazame Zélie Martin, mamaye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Alipofunga ndoa na Louis mwaka 1858 huko Alençon, Ufaransa, tayari alikuwa na kazi yake ya kufuma lesi. Alizaa watoto 9, akazika 4, wala hakuiacha kazi. Ilipomzidi, Louis, fundi wa saa, aliuza duka lake mwaka 1870 akawa msaidizi wa mkewe. Zélie alifariki mwaka 1877. Mwaka 2015 wote wawili walitangazwa watakatifu. Basi, ewe mume, mkeo akirudi jioni amechoka, je, heshima yako itapungua ukiwasha jiko?